John Kirk

John Kirk (Barry, Uskoti, 19 Desemba 1832 – Sevenoaks, Uingereza, 15 Januari 1922) alikuwa daktari, mtaalamu wa mimea, mpelelezi na mwanadiplomasia kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kama daktari wa msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi (1858–1863) na kama konsuli wa Uingereza huko Zanzibar wakati wa Sultani Barghash bin Said.

Kabla ya kuwa mwanadiplomasia, Kirk alifanya kazi ya kuwatibu watu kwenye meli. Aliwahudumia mabaharia, wamisionari na wapagazi waliougua malaria na kuhara damu katika meli za mvuke zilizopita Zambezi, Shire na Ruvuma. Baadaye, akiwa Unguja, alishuhudia manowari za Uingereza zikipambana na biashara ya watumwa huku mabaharia wake wengi wakiangushwa na maradhi. Wapelelezi aliowasaidia walipita katika nchi ambazo leo ni mikoa ya Mbeya, Njombe na Iringa, na wawili kati ya viongozi wao walikufa kwa ugonjwa safarini.

Maisha ya awali na elimu

Kirk alizaliwa katika kijiji cha Barry, karibu na mji wa Arbroath, mashariki mwa Uskoti. Baba yake, aliyeitwa pia John Kirk, alikuwa mchungaji. Akiwa na umri wa miaka 15 hivi alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma kwanza masomo ya jumla na kisha utabibu. Huko alivutwa pia na elimu ya mimea, iliyofundishwa na profesa John Hutton Balfour. Wakati huo somo la mimea lilikuwa sehemu ya elimu ya kila daktari, kwa sababu dawa nyingi zilitengenezwa kutokana na mizizi, magome na majani.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1854, akafanya kazi kama daktari kijana katika hospitali kuu ya Edinburgh. Kati ya wenzake hospitalini alikuwemo Joseph Lister, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa kuanzisha matumizi ya dawa za kuua vijidudu katika upasuaji.

Hospitali ya Vita vya Krimea

Mwaka 1855, wakati wa Vita vya Krimea kati ya Urusi na mataifa yaliyoungana dhidi yake, Kirk alijitolea kufanya kazi katika hospitali ya kiraia ya Waingereza huko Renkioi, kwenye mlangobahari wa Dardaneli nchini Uturuki. Hospitali hiyo ilibuniwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Ilijengwa kwa vipande vya mbao vilivyotengenezwa Uingereza, vikasafirishwa kwa meli na kuunganishwa mahali penyewe. Mpango wake ulizingatia hewa safi, maji na mifereji ya uchafu, kwa sababu katika vita hivyo askari waliokufa kwa magonjwa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Kirk alikaa huko hadi vita vilipomalizika mwaka 1856. Alipata nafasi pia ya kukusanya mimea ya Uturuki, na kazi hiyo ilimfanya ajulikane kwa wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew mjini London.

Tiba katika manowari wakati wa Kirk

Katika karne ya 19 kila manowari kubwa ya Uingereza ilikuwa na daktari na wasaidizi wake. Wagonjwa walilazwa katika chumba maalumu, kwa kawaida sehemu ya mbele ya meli, kwenye machela ya turubai yaliyoning'inizwa. Daktari alitakiwa kuandika kumbukumbu za wagonjwa wote na kuzituma kwa wakubwa wa jeshi la majini.

Baadhi ya magonjwa ya zamani yalikuwa yamepata dawa. Kiseyeye, kilichokuwa kimeua mabaharia wengi katika karne ya 18, kilipungua sana baada ya mwaka 1795, jeshi la majini lilipoanza kuwapa mabaharia maji ya limau. Chanjo ya ndui pia ilikuwepo. Kwa homa za Afrika hali ilikuwa tofauti. Madaktari waliamini kwamba malaria ilisababishwa na hewa mbaya inayotoka kwenye vinamasi na majani yaliyooza. Hawakujua kwamba inaenezwa na mbu. Kwa hiyo waliwaonya mabaharia wasilale nchi kavu na wasipate umande wa usiku, lakini hawakuwapa kinga dhidi ya mbu.

Dawa iliyofaa ilikuwa kwinini, inayotokana na gome la mti wa cinchona wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1847 Alexander Bryson, daktari wa jeshi la majini, alitoa taarifa kuhusu magonjwa ya mabaharia katika pwani ya Afrika ya Magharibi, akapendekeza wapewe kwinini ndani ya divai kila walipotumwa bara. Mwaka 1841 msafara wa meli za Uingereza kwenye mto Niger ulikuwa umepoteza watu wengi kwa homa. Mwaka 1854 meli Pleiad ilipanda mto huohuo chini ya Dk. William Baikie, watu wake wakimeza kwinini, na hakuna aliyekufa kwa homa. Habari hiyo iliwapa Waingereza matumaini kwamba wangeweza kuingia katika mito ya Afrika bila kuangamia. Msafara wa Zambezi uliandaliwa miaka minne baadaye.

Msafara wa Zambezi

Mwaka 1858 Kirk aliajiriwa na serikali ya Uingereza kama daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara wa Livingstone. Waliondoka Uingereza tarehe 10 Machi 1858 kwa meli Pearl. Katika msafara walikuwemo pia Charles Livingstone, aliyekuwa ndugu yake David, afisa wa jeshi la majini Norman Bedingfeld, mchoraji Thomas Baines, mwanajiolojia Richard Thornton na fundi wa injini George Rae. Wakru kadhaa, mabaharia hodari kutoka Afrika ya Magharibi, walichukuliwa Sierra Leone ili kufanya kazi kwenye mto.

Pearl ilibeba vipande vya meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ma Robert, ambayo iliunganishwa kwenye mdomo wa Zambezi. Chombo hicho kilikuwa dhaifu. Bati zake nyembamba zilishika kutu na kuvuja, vyumba vilikuwa na unyevu, na injini ilikohoa kiasi kwamba ilipachikwa jina la mgonjwa wa pumu. Tanuri lake lilikula kuni nyingi mno. Kila baada ya muda mfupi watu walishuka kukata miti kwenye kingo za mto, mahali penye mbu wengi. Kwa njia hiyo meli yenyewe iliongeza hatari ya homa.

Mwanzoni wanamsafara walipewa kwinini kidogo kila siku pamoja na divai kama kinga. Waliendelea kuugua, hivyo wakaona haina faida na utaratibu ukalegea. Leo inaeleweka kwamba kiasi walichokunywa kilikuwa kidogo mno. Kwa wale waliokwisha kushikwa na homa walitumia vidonge vilivyobuniwa na Livingstone. Vilikuwa mchanganyiko wa kwinini, dawa za mimea za kuharisha na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Lengo lilikuwa kusafisha tumbo haraka na kufuatisha kwinini nyingi zaidi. Kwinini ilisaidia kweli, lakini dawa za kuharisha zilimdhoofisha mgonjwa aliyekuwa amekwisha kupungukiwa na maji mwilini. Vidonge vya aina hiyo viliendelea kuuzwa Uingereza kwa wasafiri wa Afrika kwa miaka mingi.

Kirk alikuwa pamoja na Livingstone walipofika Ziwa Chilwa mwezi Aprili 1859 na Ziwa Nyasa tarehe 17 Septemba mwaka huohuo. Mwezi Novemba 1860 mtumbwi wake ulipinduka kwenye maporomoko ya Cahora Bassa. Kirk aliokoka, lakini alipoteza vifaa na maandishi mengi kuhusu mimea aliyoyakusanya kwa zaidi ya miaka miwili. Mwezi uliofuata Ma Robert ilizama.

Meli Pioneer na mto Ruvuma

Mapema mwaka 1861 serikali ya Uingereza ilituma meli nyingine, Pioneer, iliyokuwa na mabaharia wa jeshi la majini. Daktari wake alikuwa Charles Meller, naye Kirk akaendelea kuwa daktari wa msafara. Pioneer ilikuwa imara kuliko Ma Robert, lakini ilihitaji maji ya kina cha futi 5 hivi badala ya futi 3 zilizokusudiwa. Mara kwa mara ilikwama kwenye mchanga.

Safari yake ya kwanza ilikuwa kwenye mto Ruvuma, ambao leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Livingstone alitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita katika eneo la Wareno. Baada ya kupanda mto maili 30 hivi, maji yalianza kupungua na meli ikageuza. Homa iliwaangusha mabaharia wengi kiasi kwamba wanamsafara wenyewe walilazimika kuiongoza meli hadi visiwa vya Komoro. Huko wagonjwa walipata hewa ya bahari na chakula kipya. Kwa madaktari wa wakati huo, kumwondoa mgonjwa mtoni na kumpeleka baharini kulikuwa tiba muhimu sawa na dawa. Sababu waliyoitoa haikuwa sahihi, lakini matokeo mara nyingi yalikuwa mazuri, kwa kuwa baharini hapakuwa na mbu.

Baadaye mwaka 1861 Kirk, ndugu wawili Livingstone, baharia mmoja Mzungu na Waafrika kadhaa walibeba mashua kupita maporomoko ya mto Shire, wakasafiri kando ya upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa. Hawakufika ncha ya kaskazini ya ziwa, mahali palipo wilaya ya Kyela katika Mkoa wa Mbeya leo.

Mwaka 1862 Pioneer ilirudi Ruvuma. Safari hii walipanda mto kwa mashua hadi kwenye miamba. Katika shajara yake Kirk alionyesha mashaka makubwa juu ya uamuzi wa kiongozi wake kuendelea mbele wakati watu walikuwa hatarini. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1965, na wanahistoria wanaitumia sana kwa sababu inaeleza hali ya wagonjwa na ugomvi wa ndani ambao taarifa rasmi ziliufunika.

Manowari Gorgon na vifo vya mwaka 1862

Mwezi Januari 1862 manowari Gorgon ilifika kwenye mdomo wa Zambezi. Ilileta Mary Livingstone, mke wa David, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakienda kwenye misheni ya Magomero katika nchi ambayo leo ni Malawi. Mmoja alikuwa dada yake Askofu Charles Mackenzie, na mwingine mke wa mchungaji Henry Burrup. Ilileta pia vipande vya meli Lady Nyassa, iliyokusudiwa kuwekwa kwenye Ziwa Nyasa.

Pioneer iliposhindwa kwenda haraka, nahodha John Wilson wa Gorgon aliamua kuwapeleka wanawake hao kwa mashua, na Kirk akaenda nao. Walipofika mbali kwenye mto Shire walipata habari kwamba askofu alikuwa amekufa kwa homa tarehe 31 Januari, na Burrup wiki chache baadaye. Mtumbwi wao ulikuwa umepinduka na sanduku la dawa, pamoja na kwinini yote, likapotea majini. Kirk na Wilson walijaribu kwenda mbele kwa miguu ili kuwasaidia wamisionari waliobaki. Wilson alishikwa na homa kali karibu ya kufa, na Kirk alimhudumia njiani huku yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Hatimaye walirudi pamoja na wanawake hao wawili.

Shughuli za kupakua Lady Nyassa ziliwachelewesha watu kwa wiki nyingi katika eneo la mdomo wa mto, lenye mikoko na vinamasi, katika msimu mbaya wa homa. Tarehe 27 Aprili 1862 Mary Livingstone alikufa kwa malaria huko Shupanga, licha ya kwinini na uangalizi wa madaktari. Mwaka uliofuata walikufa daktari wa misheni, Dickinson, na mwanajiolojia Thornton, aliyewahi kupanda sehemu ya Mlima Kilimanjaro pamoja na Karl Klaus von der Decken mwaka 1861.

Kirk mwenyewe alipata kuhara damu. Aliruhusiwa kuondoka mwezi Mei 1863 pamoja na Charles Livingstone. Misheni ilihamishiwa Unguja mwaka 1864.

Ugunduzi wa dawa ya moyo

Katika msafara huo Kirk alichunguza kombe, sumu ya mishale iliyotumiwa na wawindaji wa eneo la Shire na Zambezi. Sampuli za mmea huo alizihifadhi katika mfuko mmoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki alisikia ladha chungu, na kwa kuwa alikuwa daktari alipima mapigo ya moyo wake akaona yamepungua. Alitambua kwamba sumu hiyo hufanya kazi moja kwa moja kwenye moyo.

Sampuli zilifika Edinburgh, ambapo Thomas Fraser alizichunguza na kupata kemikali iliyoitwa strofantini. Ilitumika kama dawa ya ugonjwa wa moyo katika Ulaya kwa miongo mingi. Mmea wenyewe huitwa kwa jina la kisayansi Strophanthus kombe, na hivyo jina la Kiafrika la sumu hiyo limebaki katika sayansi. Ujuzi wa awali ulikuwa wa wawindaji wa Kiafrika. Mchango wa Kirk ulikuwa kuona matumizi yake ya kitabibu.

Daktari na konsuli huko Unguja

Mwaka 1866 Kirk alifika Unguja kama daktari wa ofisi ya mwakilishi wa Uingereza. Mwaka 1867 alimwoa Helen Cooke. Alipanda ngazi haraka, akawa kaimu konsuli na kisha, mwaka 1873, konsuli mkuu.

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, na katika mwaka 1870 kiliua watu kwa maelfu kisiwani na katika miji ya pwani. Dk. James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, alifuatilia njia ya ugonjwa huo na kuandika kitabu kilichotolewa mwaka 1876. Alionyesha kwamba ulisafiri pamoja na misafara ya biashara na vyombo vya baharini.

Kipindupindu kilimgusa Kirk kwa namna nyingine pia. Misafara ya kumpelekea Livingstone dawa na bidhaa huko Ujiji ilicheleweshwa, na baadhi ya wapagazi walikufa. Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone mwaka 1871, alimlaumu Kirk hadharani kwa uzembe. Lawama hizo zilimuumiza Kirk kwa muda mrefu, ingawa serikali yake ilimtetea.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Kirk ndiye aliyeongoza mazungumzo ya mwisho, huku Uingereza ikitishia kuifunga bandari kwa manowari. Mkataba haukumaliza utumwa wenyewe, ambao uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Wafanyabiashara walianza kuwapitisha watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, mpaka Sultani alipotoa amri nyingine za kukataza misafara hiyo mwaka 1876.

Manowari London

Ili kuhakikisha mkataba unafuatwa, mwaka 1874 Uingereza iliweka manowari London katika bandari ya Unguja. Ilikuwa meli kubwa ya zamani, iliyoshushwa majini mwaka 1840 na kupiga ngome za Sevastopol mwaka 1854. Haikukusudiwa tena kupigana baharini. Ilikaa mahali pamoja ikiwa ghala, karakana, makao ya mabaharia na hospitali ya meli zote za Uingereza katika eneo hilo. Nahodha wake wa kwanza huko Unguja alikuwa George Sulivan, aliyekuwa na uzoefu mrefu wa kufukuza majahazi ya watumwa.

Kazi ya doria ilifanywa na mashua ndogo zilizotumwa mbali, hasa kuzunguka Pemba. Mabaharia walikaa ndani yake kwa siku nyingi au wiki kadhaa, wakilala wazi, wakinyeshewa na mvua na kuchomwa na jua, na mara nyingi wakitia nanga karibu na mikoko. Waliporudi, wengi walikuwa na homa au kuhara damu. Waliolazwa katika London walipata kitanda kikavu, kwinini na chakula chepesi. Waliozidiwa walirudishwa Uingereza, na waliokufa walizikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani mbele ya mji wa Unguja, ambapo makaburi ya mabaharia yapo mpaka leo.

Manowari ziliajiri pia mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki walioitwa Masidi. Walifanya kazi ngumu za kupakia makaa, kupiga makasia na kuwa wakalimani. Wakubwa wa meli walipendelea kuwatuma mahali penye homa kwa sababu walionekana kuugua kidogo kuliko Wazungu. Wengi wao walikuwa wamepata kinga kiasi kwa kuugua malaria tangu utotoni. Hata hivyo kinga hiyo haikuwalinda dhidi ya ndui, kipindupindu au kuhara.

Wagonjwa wengine walikuwa watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi. Walifika melini wakiwa na njaa, vidonda, macho yenye maambukizi na kuhara. Ndui ilipoingia kati yao iliweza kuenea haraka kwenye meli iliyojaa. Madaktari wa manowari waliwapa huduma waliyoweza, lakini meli za kivita hazikujengwa kwa ajili ya mamia ya watu wazima na watoto dhaifu. Baada ya kushushwa walipelekwa sehemu mbalimbali, ikiwemo misheni ya Mbweni karibu na mji wa Unguja na, kuanzia mwaka 1875, Freretown karibu na Mombasa.

Tarehe 3 Desemba 1881 nahodha Charles Brownrigg wa London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kukagua jahazi la watumwa. Manowari hiyo iliondolewa katika kazi na kuuzwa mwaka 1884. Mmoja wa maafisa wake, Lloyd Mathews, alibaki Unguja kama kamanda wa jeshi la Sultani na baadaye waziri. Alikufa huko kwa malaria mwaka 1901.

Uhusiano na Nyanda za Juu Kusini

Kirk hakufika mwenyewe Mbeya wala Iringa, lakini aliathiri safari za kwanza za Waingereza katika nyanda hizo. Mwaka 1875 meli ndogo Ilala iliwekwa kwenye Ziwa Nyasa na Edward Young, aliyewahi kuwa baharia wa Pioneer wakati wa Kirk. Kwa hiyo ndoto iliyoshindikana kwa Lady Nyassa ilitimia miaka 13 baadaye. Safari hii daktari alikuwa Robert Laws, mmisionari kutoka Uskoti.

James Frederic Elton alikuwa msaidizi wa Kirk huko Unguja kabla ya kuwa konsuli nchini Msumbiji. Mwaka 1877 alipanda Ilala hadi kaskazini ya ziwa, akapita nchi ya Wanyakyusa na milima ya Livingstone, akaingia Usangu. Huko alimkuta mtemi Merere katika vita na Wahehe, na msafara ukacheleweshwa. Elton aliendelea kuelekea pwani, lakini alikufa kwa homa huko Ugogo mwezi Desemba 1877, akiwa na umri wa miaka 37. Sehemu ya uwanda wa Kitulo, kati ya Mbeya na Makete, iliitwa kwa jina lake kwa miaka mingi.

Mwaka 1879 Kirk aliusaidia msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson kupata watu Unguja. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Chuma, mmoja wa watu walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Johnston alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho, tarehe 28 Juni 1879. Thomson, mwenye umri wa miaka 21, alichukua uongozi, akapita Uhehe na Ubena hadi Ziwa Nyasa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1885 Ujerumani ilidai maeneo ya bara na kutuma manowari mbele ya jumba la Sultani. Kirk, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemwahidi Barghash urafiki wa Uingereza, aliagizwa na serikali yake amshauri akubali. Aliondoka Unguja mwaka 1886 na kustaafu mwaka uliofuata.

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1887, akaiwakilisha Uingereza kwenye mkutano wa Brussels wa miaka 1889–1890 kuhusu biashara ya watumwa. Aliishi Sevenoaks, akilima bustani yake. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa Uingereza aliyekuwa India, aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Hivyo Kirk, wakati huo akiwa na umri wa miaka 64, aliishi kuona chanzo cha homa iliyowaua wenzake wa Zambezi kikijulikana. Alifariki tarehe 15 Januari 1922 akiwa na umri wa miaka 89, wa mwisho kati ya Wazungu walioondoka na Livingstone mwaka 1858.

Urithi

Mimea na wanyama kadhaa wana jina lake katika sayansi. Kati yao ni kima punju wa Unguja (Piliocolobus kirkii), anayepatikana hasa katika msitu wa Jozani, dikidiki mmoja wa Afrika ya Mashariki (Madoqua kirkii) na mtoria wa mpira (Landolphia kirkii). Kirk alikuwa pia kati ya wapigapicha wa kwanza kwenye mto Zambezi. Picha zake, pamoja na shajara na mimea aliyoikausha, bado zinatumiwa na watafiti.